Mchomoko wangu una madeni ya tochi, dereva anasema faini ni ya mwenye gari. Nani analipa?

Mwana Nyakato (mwenye uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina Noah nimempa kijana anapiga mchomoko, yaani anabeba abiria kwa gari ndogo, Mwanza–Sengerema, mara mojamoja anafika Geita, hesabu analeta jioni vizuri tu, upande wa hela sina ugomvi nae. Sasa nimeingiza namba ya gari kwenye ule mtandao wa polisi wa kuangalia madeni, nilikua nataka kujua tu, nikakuta orodha imejipanga: mwendokasi, mwendokasi, mwendokasi, katikati kuna moja ya kuegesha pasiporuhusiwa, halafu mwendokasi tena, na baadhi zimeshavaa penati. Jumla inapita laki mbili.
Nikampigia. Akanijibu kwa upole kabisa, "bosi faini inakuja kwenye namba ya gari na gari ni yako." Nilikosa la kusema nikakata simu.
Naomba kujua, kisheria na hata kiungwana, hii hela nani analipa? Na kama kuna mtu ashawahi kupinga zile picha za tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, akaeleweka aje atufundishe. Wale wa "uza gari ununue ng'ombe" pitieni mbali.

Mzee wa Kirumba
Uza gari ununue ng'ombe.
Natania mkuu. Mlikubaliana nini siku unampa funguo? Maana huku Mwanza watu wanapeana gari ya milioni kumi na kitu kwa mdomo tu, tena wamesimama, halafu likitokea la kutokea ndo wanatafuta sheria. Kama mlipatana mafuta ya dereva, matengenezo madogo ya dereva, faini je?

Mwana Nyakato
Mzee mafuta yake, oil na matairi yangu, pancha yake. Faini hatukuongea. Ila hata bila kuongea si inajulikana, aliyekanyaga mafuta ni nani?

Binti Buzuruga
Hainaga "inajulikana" kaka. Mimi nina bajaji mbili, nimeandika karatasi moja ya daftari: faini ya mwendo, kupakiza, kupita sehemu za makatazo ni ya dereva, faini ya bima kuisha, taa mbovu na tairi vipara ni yangu mimi mwenye chombo. Amesaini, mashahidi wawili basi. Tena kwetu afadhali, bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka elfu 30 ikawa elfu 10 kwa kosa. Nyie wa gari mmebaki na elfu 30 yenu kwa kila kosa, ndo maana unaona laki mbili inafika haraka hivyo.

Suka wa Usagara
Niongee upande wa madereva maana naona mabosi mmeshaanza kujaa humu.
Hesabu yenyewe ndo inamkimbiza huyo kijana. Zamani ulikua unafika Kigongo unakuta foleni ya kivuko, hata ungekimbia vipi mnakutana wote pale mnakula mahindi, sasa ukimbie ili iweje. Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kilomita 3 zile unavuka dakika chache, basi kila mwenye Noah, Wish, Probox kaitupa kwenye njia hii, abiria ni walewale gari zimekua mara sijui ngapi, na mabosi nao wakapandisha hesabu wakisema "saivi si mnavuka haraka". Anayewahi kugeuza ndo anayewahi kupakia. Ukitembea 80 kama inavyotakiwa gari ya abiria unafika stendi unakuta watatu mbele yako, unakaa mpaka jua linazama, na bosi jioni anataka hesabu kamili hajali ulikaa stendi au ulilala.
Kwahiyo mkuu usijitoe kabisa. Kuna sehemu ya hiyo laki mbili umeila wewe kwenye hesabu.

Mwana Nyakato
Suka sijawahi kumwambia akimbie hata siku moja. Na hesabu nimepandisha kidogo tu, kila mtu alipandisha.

Suka wa Usagara
Ndo hapo sasa.

Mama Mabatini
Na ile hamsini mnaisahau makusudi. Wengi mnaopigwa tochi sio kule porini kwenye mteremko, mnapigwa pale kwenye vijiji na centa, kibao cha 50 kipo, umetoka nacho 85 kabla hujapunguza unakutana na mtu kakaa kwenye kivuli. Watoto wa shule wanavuka hapohapo. Mimi ni nesi, sitaki kuharibu uzi wa watu, ila Shirika la Afya Duniani wanasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kama asilimia 4. Hao wanaoletwa usiku wakiwa wamefunikwa kitenge hawana muda wa kujadili nani analipa elfu 30.

Kijiwe Nata
Dada umetuzimisha wote.

Fundi Meko
Turudi kwenye swali la jamaa maana hakuna aliyemuuliza kitu cha msingi. Mkuu, ulipoangalia deni uliangalia zile safu zote au ulikimbilia jumla?
Kwenye mtandao wa TMS wa polisi ukiweka namba ya gari inakuletea namba ya kumbukumbu, tarehe, leseni, mahali, kosa, faini, penati na hali ya malipo. Watu wote macho yanaenda kwenye hela. Safu ya leseni ndo yenye jibu lako. Kama gari ilisimamishwa na dereva akatoa leseni, namba ya leseni yake itakua imekaa pale, hapo hana pa kukimbilia, ni yeye. Kama ilipigwa picha ikapita, inaandikwa namba ya gari peke yake, hapo ndo ubishi unapoanzia.
Na kisheria trafiki akikuuliza wewe mwenye gari tarehe fulani saa fulani nani alikua anaendesha, unatakiwa umtaje. Huwezi kusema sijui na gari ni yako. Kwahiyo anza kuandika kwenye daftari leo nani ana gari.

Mwana Nyakato
Mkuu sikuangalia leseni. Ngoja nirudi mule.

Chalii wa Igoma
Naweka mkeka hapa nasubiri majibu, uzi umenoga.

Dogo Malipo
Wakuu mwenye madeni ya trafiki anicheki inbox, nafuta kwenye sistimu kwa nusu bei, kazi ya saa moja, nina mtu wangu ndani.

Binti Buzuruga
Huyu hapa. Nilikua nashangaa amechelewa wapi.

Fundi Meko
Jamani msidanganyike. Faini ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, tarakimu 12, unaingia kwenye simu yako upande wa malipo ya serikali au unaenda benki au kwa wakala, hela inaenda serikalini na ukirudi kwenye mtandao unaona deni limebadilika kuwa limelipwa. Anayekupa namba ya simu ya mtu utume hela, awe amevaa sare au awe humu inbox, hakuna deni linalofutika hapo. Na siku hizi kuna meseji zinatumwa "gari lako linadaiwa bonyeza hapa", usibonyeze, nenda mwenyewe kwenye mtandao wa polisi weka namba ya gari, kuangalia ni bure.

Mzee wa Kirumba
Mod mtoe huyu Dogo.

Konteina la Rusumo
Nyie mnalia na tochi ya kushikwa mkononi? Njooni Rwanda mkutane na Sofia. Kule kamera wanaiita Sofia, utafikiri shangazi yako. Imesimama barabarani haina hasira, haina njaa, haisemi "dereva unanisaidiaje". Unapita 70 kwenye kibao cha 60 inapiga kimya, we unaendelea na muziki wako, pipi ya tangawizi mdomoni, taarifa anapata mwenye gari. Mimi kabla sijageuza kurudi Rusumo namwomba wakala wetu wa Kigali aangalie namba za gari kama kuna kitu. Kumbuka na kule unaendesha kulia, akili yote iko kwenye kukaa upande sahihi, kibao cha mwendo unakiona kikiwa nyuma yako.
Hata wenyewe wananchi walilalamika sana, mwaka 2021 mwezi wa 12 ilifika hadi kwa Rais Kagame mwenyewe huko Twitter, akajibu kwamba nae alishawaambia polisi kuhusu jambo hilo na watafute uwiano. Lakini Sofia yupo mpaka leo, na barabara zao usiku nalala usingizi msaidizi wangu akiendesha. Za kwetu silali.

Mama Mutukula
Afadhali hiyo. Mimi nachukua mzigo Kampala napitia Bukoba, Juni 2025 Uganda walileta mfumo wa kamera wa kuandika faini wenyewe, ukizidisha mwendo kidogo shilingi laki mbili za kwao, ukizidisha zaidi ya kilomita 30 juu ya kibao laki sita. Laki mbili yao kwa pesa yetu ni laki na ushee! Na sehemu zingine za mjini kibao kilishushwa mpaka 30, tatu sifuri, gari ya gia ya mkono inataka kuzima. Watu walikua wanatumiwa faini juu ya faini ndani ya siku moja barabara hiyohiyo, wakapiga kelele nchi nzima, haikufika hata wiki mbili ikasimamishwa tarehe 11 mwezi huohuo ili waiangalie upya.
Ninachosema, kamera ni nzuri ila kibao kiwe na akili. Ukiweka kibao cha 30 kwenye barabara ya 60 hapo unakusanya tu kodi.

Chalii wa Igoma
Mama umeongea. Sasa na hapa kwetu wakiweka kamera za kudumu Kenyatta, Makongoro na Nyerere Road mnadhani itakuaje? Mimi naunga mkono asilimia mia. Angalau mashine haina shemeji.

Suka wa Usagara
Wewe unaunga mkono kwa sababu unatembea kwa miguu.

Chalii wa Igoma
Hahaha kaka nina pikipiki mimi.

Kijiwe Nata
Mi siungi mkono bado. Sio kwa ubaya. Tochi ya mkononi angalau kuna mtu, namwambia afande nionyeshe picha, naona gari yangu, naona mwendo, naona saa, kama sio mimi tunaongea palepale. Lile limashine linapiga mwanga wa leza kwenye gari moja, linapima unavyorudi, linatoa mwendo na umbali, na afande analielekeza kwa mkono. Mkiwa gari mbili zimebanana namba ikasomwa ya nyuma, palepale unaweza kubisha. Sasa kamera ya nguzo utabishana nae nani? Utaenda kituoni na nguzo?

Konteina la Rusumo
Palepale kubisha mmebisha wangapi mkashinda? Semeni ukweli. Mnabisha mnaishia "basi afande naomba unisamehe".

Fundi Meko
Hapo mnapotea wote wawili, kubisha sio kelele. Ile faini ya papo kwa papo maana yake umekubali kosa unalipa yanaisha. Ukikataa kosa una haki ya kusema sikubali, nipelekwe mahakamani, na huko upande wa mashtaka walete picha na aliyepiga picha. Shida ni kwamba mtu ana abiria saba nyuma, mmoja ana mgonjwa, mwingine dagaa wake wanaharibika, nani atachagua mahakama kwa elfu 30? Analipa. Ndo maana watu wanasema haiwezekani kupinga, inawezekana sana ila inakula siku yako.
Kama hukusimamishwa ukakuta deni baadae na una uhakika gari haikuwepo pale, usikae nalo. Chukua ile namba ya kumbukumbu, tarehe, mahali, nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa eneo lile lililoandikwa, na ushahidi mkononi: risiti ya gereji yenye tarehe, tiketi, chochote. Nenda mapema kabla penati haijaanza kupanda, ukienda na deni la mwaka jana kila mtu ameshasahau.

Mama Mabatini
Na namba za gari zinakosewa kweli. Herufi D na B, sifuri na nane, mtu anaandika kwenye jua kali. Sio kila deni ni la kwako.

Kaka wa Misungwi
Kuna jambo mmeliruka, kununua gari mkononi. Mdogo wangu kanunua IST kwa jamaa mmoja hapa mjini, bei ya kutupa, wakaenda kwa mwanasheria wakasaini, hakuna aliyeangalia deni. Siku anasimamishwa Mkuyuni anaambiwa gari inadaiwa mpaka anashika kichwa, na za zamani kabisa, enzi hata yeye hajajua kuendesha. Muuzaji simu haipatikani. Deni limekaa kwenye namba na namba anayo yeye.
Sasa hivi ukija kununua gari kwangu au mimi nije kwako, kwanza namba kwenye mtandao, mbele ya muuzaji, deni likionekana linatolewa kwenye bei au analipa hapohapo ndo tunaendelea na mengine ya TRA. Dakika mbili tu.

Kijiwe Nata
Na wenye mabasi msisahau LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nao wana kifaa chao cha kufuatilia mwendo ndani ya basi, kile hakihitaji afande kwenye kichaka wala nini, kinasoma safari nzima toka stendi mpaka stendi. Hapo hata ukionyeshwa taa na wenzako umechelewa.

Suka wa Usagara
Kuonyeshana taa ndo sadaka pekee iliyobaki barabarani, msiiguse.

Mwana Nyakato
Wakuu nimerudi. Fundi Meko ubarikiwe, wabeja sana.
Nimeangalia safu ya leseni. Nyingi ni leseni ya kijana wangu, nimelinganisha na kopi ninayo. Lakini ziko mbili leseni ni ya mtu mwingine kabisa simjui, na hizo mbili zote ni jioni jioni. Na moja, hii ndo imeniuma, mahali imeandikwa Geita huko, tarehe ambayo aliniambia gari iko gereji Igoma inabadilishwa bush na hesabu ya siku ile nikamsamehe.

Mzee wa Kirumba
😂😂😂 Bush zimebadilishiwa Geita.

Binti Buzuruga
Tochi imekuletea na ripoti ya hesabu bure. Kaka lipa hiyo moja kwa furaha.

Suka wa Usagara
Aaah hapo siwezi kumtetea. Na hizo mbili za leseni nyingine ni deiwaka. Kijana akichoka jioni anampa mwenzake tripu ya mwisho wanagawana. Sote tunafanya, ila deiwaka akiandikiwa anatakiwa alipe palepale au akuambie, huyo kakaa kimya kwa sababu gari sio yake na bosi sio wake. Mwambie kijana amtafute, anamjua vizuri sana, wapo wote pale stendi.

Mama Mabatini
Na huyo deiwaka ana leseni ya daraja la kubeba abiria? Bima inamtambua? Maana mnajadili elfu 30, akigonga mtu je?

Mwana Nyakato
Dada hilo swali limenikosesha usingizi mapema. Sijui hata sura yake.

Fundi Meko
Ushauri wangu, usimfukuze kwanza. Muite, mkae, muonyeshe orodha kwenye simu moja baada ya nyingine, usianze na hasira anza na ile ya Geita. Akishaona unajua ya Geita nyingine zote atakubali bila kelele.

Mzee wa Kirumba
Na ukubali na yako. Hiyo ya kuegesha ni ya wapi?

Mwana Nyakato
Hiyo ya kuegesha ni mjini, Kenyatta Road, Jumapili. Jumapili gari nakuaga nayo mimi.

Kijiwe Nata
Kimya kimya anaitaja mwishoni kabisa 😂

Mwana Nyakato
Jamani nalipa, nimeshalipa hata. Mrejesho: tumekaa leo asubuhi mimi, yeye na mjomba wake kama shahidi. Ya Geita nilipoitaja aliangalia chini, mjomba ndo akaanza kucheka. Tumekubaliana hivi, za leseni yake anakatwa kidogokidogo kila Jumamosi mpaka ziishe, za deiwaka anakwenda kumdai mwenyewe na akishindwa zinakua zake maana ndo aliyemkabidhi funguo, na hesabu ya siku ile ya gereji ananirudishia. Mimi nimelipia penati zote zilizoongezeka kwa kuwa sikuwahi kuangalia, na hesabu nimeishusha kidogo, Suka ufurahi. Tumeandika karatasi kama ya Binti Buzuruga. Hakuna kumpa mtu gari bila kunipigia na kunitumia picha ya leseni yake.
Kuhusu kupinga picha, hakuna hata moja aliyoipinga. Nilimuuliza kila moja, "huyu sio wewe?" anasema ni mimi bosi.

Suka wa Usagara
Umeishusha kiasi gani hesabu?

Mwana Nyakato
Elfu tano.

Suka wa Usagara
Elfu tano kwa siku, kwa mwezi ni laki na nusu. Sio mbaya. Kama atatembea 80 lakini.

Konteina la Rusumo
Atatembea 80 mpaka Jumatano.

Kaka wa Misungwi
Mkuu Mwana Nyakato samahani, hiyo Noah ukiamua kuiuza nitafute. Madeni yake nimeshayajua yote.